Utafiti wa Lusaka juu ya serumu: unawahusu wagonjwa wetu wa Lubumbashi?

Nesi wa Zamu (Lubumbashi) anauliza:

Jambo sana bandugu.

Mimi ni muuguzi wa usingizi hapa Lubumbashi, hospitali ndogo upande wa Katuba. Mwaka wa kumi na moja huu nalaza watu na kuwaamsha. Chumba cha wagonjwa mahututi hatuna. Tuna kona: vitanda viwili nyuma ya pazia karibu na chumba cha upasuaji, mashine moja ya oksijeni inayozimika kila umeme ukikatika, na kipima oksijeni cha kidole ambacho narudi nacho nyumbani mfukoni, maana kikilala kazini asubuhi hakionekani.

Majuma matatu yaliyopita, saa saba usiku, wakatuletea mwanaume wa miaka kama thelathini na tano, kwa pikipiki, amekaa katikati ya ndugu wawili wamemshika. Homa ya matumbo siku nyingi, tumbo gumu kama ubao. Utumbo umetoboka. Daktari akafungua, akaosha, akashona. Presha ilikuwa chini, namba yake ya juu 70 tu. Mimi nilifundishwa hivi: maambukizi pamoja na presha chini, jaza serumu (ndugu wa Tanzania na Kenya, serumu ndiyo maji ya dripu). Nikajaza. Lita ya kwanza presha ikapanda, nikafurahi. Ya pili haikufanya kitu. Ya tatu nikaiweka kwa sababu sikujua la kufanya lingine, nasema ukweli. Saa kumi na moja alfajiri kifua kinalia kama sufuria ya maharage, kipima cha kidole kinaonyesha oksijeni 84 kwa mia. Tukafunga serumu, tukamkalisha, tukampa furosemidi (dawa ya kukojoza maji), mashine ya oksijeni tukaizungusha hadi mwisho, na mimi nikawa naangalia taa ya dari nikiomba isizimike.

Asubuhi daktari wetu kijana, amerudi juzi kutoka mafunzo Lusaka, akaniambia mbele ya watu (yaya kwetu ni dada mkubwa): “Yaya, hii ya kujaza serumu ilishapimwa Lusaka, inaua.” Akanitumia karatasi kwenye simu, Kiingereza kitupu. Kiingereza changu ni cha Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, cha kuulizia bei ya mafuta ya kupikia. Nilisoma na kamusi siku tatu. Nilichoelewa: watu wazima 212, wale waliotiwa maji mengi kwa mpango walikufa 48 kwa mia, wale waliotunzwa kwa kawaida 33 kwa mia. Nilipofika hapo nikaiweka simu chini. Nilihesabu kichwani wote niliowajazia tangu nianze kazi, mpaka nikashindwa kulala.

Maswali yangu mawili.

La kwanza: utafiti huu unawahusu wagonjwa kama yule wangu? Lusaka si mbali, watu ni wale wale, bukari (ugali) ni ile ile ingawa wao wanaiita nshima.

La pili: nataka kupima mwenyewe. Natakiwa kuandika kazi ya kumaliza masomo mwaka huu, na msimamizi wangu anangoja mada. Nimefikiri hivi: tarehe shufwa (2, 4, 6) mgonjwa wa maambukizi mwenye presha ya chini apate serumu kidogo, tarehe witiri (1, 3, 5) apate kama tulivyozoea. Baada ya miezi sita nahesabu waliokufa. Ni rahisi, haiombi pesa. Mnaonaje?

---

Dokta wa Kadutu (Bukavu):

Dada, kwanza pole kwa usiku ule. Pili, usijihukumu kwa namba moja uliyoisoma kwa kamusi. Nakueleza utafiti wenyewe, halafu utaamua.

Ulifanyika hospitali kuu ya chuo kikuu Lusaka, kuanzia Oktoba 2012 hadi Novemba 2013, ukatoka katika jarida la JAMA mwaka 2017. Wagonjwa waliingizwa wakiwa mapokezi ya dharura: homa au dalili za maambukizi, na presha imeshuka. Kura ikagawa. Kundi moja lilipata mpango wa saa sita: serumu kwa haraka, kuangalia mshipa wa shingo, dawa ya kupandisha presha, damu ikihitajika. Kundi la pili lilitunzwa kama daktari wa zamu alivyoona. Sasa angalia kitu ambacho watu hukiruka: hilo la pili halikukaa kavu. Katika saa sita lilipata karibu lita 2, na lile la mpango lita 3 na nusu. Kwa hiyo hawakulinganisha maji na kiu. Walilinganisha mengi na mengi zaidi.

Halafu, walikuwa ni nani? Karibu tisa kati ya kumi walikuwa na virusi vya UKIMWI, na kifua kikuu kilikuwa kingi. Wengi wamekonda, damu ni kidogo. Na mapafu hayo yakijaa, hakuna mashine ya kupumulia ya kutosha kumpokea kila mmoja. Timu hiyo hiyo ilikuwa na utafiti wa kwanza ambao ulisimamishwa mapema, kwa sababu wale waliofika wakihema haraka na oksijeni iko chini walikuwa wanakufa mno. Katika wa pili, ambao ndio huu uliousoma, hao waliachwa nje.

Kabla yao kulikuwa na utafiti uitwao FEAST, 2011. Watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Waliotiwa serumu kwa haraka, ya chumvi au ya albumini (protini ya damu), walikufa kama 10 na nusu kwa mia ndani ya saa 48. Wasiotiwa kwa haraka: 7.3. Mimi nilikuwa mwanafunzi wakati huo. Profesa wetu wa watoto aliisoma mara ya kwanza akasema wamekosea kuhesabu. Hawakukosea. Na walipochunguza tena vifo vile, wengi hawakufa kwa mapafu kujaa maji kama sisi sote tulivyodhani. Ni mzunguko wa damu wenyewe ulioanguka. Bado nikilifikiria hilo nakosa raha.

Wazo la kujaza tulilitoa wapi? Sehemu kubwa ni Detroit, Marekani, mwaka 2001, hospitali moja, wagonjwa 263, ambapo mpango wa saa sita ulishusha vifo kutoka 46.5 hadi 30.5 kwa mia. Dunia nzima ikafuata. Baadaye Marekani, Australia na Uingereza wakapima tena kwa maelfu, 2014 na 2015, tofauti haikuonekana. Mpango uliozaliwa Detroit, penye mashine nyuma ya kila kitanda, ukashuka kwetu penye pazia. Na Lusaka ndiko walikouliza swali ambalo sisi hatukuuliza.

Lakini mgonjwa wako... hapo namwachia anayelaza watu.

---

Mzee wa Halotani (Lubumbashi):

Anayelaza watu yuko hapa. Nilianza wakati tunasikiliza moyo kwa kipande cha mpira kilichobandikwa kifuani na kidole kimeshika mapigo, kwa hiyo mtanivumilia.

Binti yangu, yule mtu wa utumbo uliotoboka hakuwamo katika utafiti wa Lusaka. Waliohitaji upasuaji wa haraka waliachwa nje. Nenda kaangalie sehemu inayoeleza nani aliruhusiwa kuingia na nani hakuruhusiwa; huwa ni herufi ndogo, vijana wanairuka wakimbilie matokeo. Daktari wenu kijana aliiruka. Hata FEAST iliwaacha nje watoto wa kuhara, wa kuungua na wa upasuaji.

Sababu iko wazi kwa mtu aliyewahi kufungua tumbo. Homa ya matumbo siku nyingi, hanywi, anatapika, utumbo umevimba na maji yamehamia ndani yake na kwenye tumbo. Huyo amekauka kweli. Lita yako ya kwanza ilipandisha presha kwa sababu ilikuwa inadaiwa. Sitaki kesho nisikie mtu Katuba amemnyima serumu mgonjwa wa kipindupindu kwa sababu ya karatasi ya JAMA. Wa kipindupindu bila maji anakufa kabla hujamaliza kufungua simu.

Kosa lako (nakuambia kama mzazi) si lita ya kwanza. Ni ile ya tatu, na wewe mwenyewe umeshalisema: uliiweka kwa sababu hukujua la kufanya lingine. Ya pili haikufanya kitu. Hilo lilikuwa jibu. Weka kidogo, mililita 250 au 500, kisha simama. Angalia mkojo, gusa magoti kama yana baridi, sikiliza mapafu chini nyuma, hesabu pumzi. Kama presha haikujibu, shida haiko tena kwenye maji, iko kwenye mishipa iliyolegea au moyo uliochoka, na hapo unaanza adrenalini (dawa ya kupandisha presha) mapema kwa mshipa mzuri wa mkono huku ukiuchunga. Mashine ya kusukuma dawa hamna, najua. Mna chupa, mna saa ya ukutani, mna macho.

Na seftriaksoni, antibiotiki yake, ilipewa saa ngapi? Hukusema.

---

Nesi wa Zamu (Lubumbashi):

Papa, seftriaksoni na metronidazoli vilipewa saa tisa na nusu. Saa mbili na nusu baada ya kuingia. Familia ilikuwa inatafuta duka la dawa lililo wazi. Sikuandika popote, nakumbuka tu kwa sababu ndugu mmoja alirudi analia kwamba alinyang’anywa simu njiani.

Aksanti kwa ukali. Na shufwa na witiri, je?

---

Kutoka Beni (sasa Goma):

Hapo naomba niingie mimi, maana nimeona mambo ya kura kwa macho.

Nilikuwa muuguzi kwenye kituo cha Ebola huko Beni wakati wa PALM, lile jaribio la dawa za Ebola. Kama hamkumbuki: Novemba 2018 hadi Agosti 2019, wagonjwa 681, dawa nne, kila mgonjwa anaingia kwenye moja kwa kura. Vita iko nje, watu wanarusha mawe kwenye magari yetu, na sisi tunaeleza kura. Mama mmoja aliniuliza: “Kwa hiyo mtoto wangu mnamchezea bahati nasibu?” Nilichukua muda mrefu kumjibu, nimevaa yale mavazi ya plastiki, jasho linaingia machoni. Nilimwambia hakuna hata mmoja wetu, kuanzia mimi hadi profesa, anayejua ipi inaponya, na kama ningejua ningempa hiyo. Ilikuwa kweli siku ile. Agosti, kamati iliyokuwa inaangalia namba kwa siri ikasema simamisheni: dawa mbili zimeshinda. Moja, mAb114, mbegu yake ilitoka kwenye damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Mkongomani. Walioipata walikufa 35 kwa mia, wa ZMapp, nyingine kati ya zile nne, 50 kwa mia.

Nayasema haya kwa sababu shufwa na witiri yako, dada, ni jaribio kama lile. Ni dogo, ila ni jaribio. Unaamua matibabu ya mtu kwa tarehe ya kalenda, na yeye hajui. Bila kamati ya maadili na bila idhini ya mgonjwa au ndugu, hiyo usiifanye, hata msimamizi wako akikubali.

Tena haitakupa jibu hata ukiifanya. Kila mtu zamu atajua kesho ni tarehe gani. Mgonjwa mbaya akija saa tano na dakika hamsini usiku, daktari atasema “tumwandike kesho.” Wewe mwenyewe ukimwonea huruma utamwandika kesho. Mwisho wa miezi sita kundi moja lina wagonjwa wabaya zaidi, na hakuna aliyekusudia. Ndiyo maana kura ya kweli inafichwa mpaka mgonjwa ameshaingia.

Na hesabu. Wagonjwa wa namna hiyo unapata wangapi kwa mwezi?

---

Nesi wa Zamu (Lubumbashi):

Wawili. Watatu ukiwa mwezi wa mvua.

---

Dokta wa Kadutu (Bukavu):

Basi kufika mia mbili kama Lusaka utahitaji kama miaka sita hadi minane. Na Lusaka tofauti ilikuwa kubwa mno, 15 kwa mia. Ya FEAST ilikuwa 3 kwa mia na iliomba watoto zaidi ya elfu tatu.

Lakini usitupe daftari. Kuna utafiti mmoja uliotoka 2025, ACIOS, nchi 22 za Afrika, hospitali 180, wagonjwa karibu 20,000. Ulifanywaje? Siku moja, wakapita wodi zote, wakapima kila aliyelala: pumzi, mapigo, presha, oksijeni, fahamu. Wakarudi kuangalia baada ya siku 7 nani yuko hai. Ni hayo tu. Wakakuta mmoja kati ya wanane ni mahututi, na karibu saba kati ya kumi ya hao mahututi wamelala wodi ya kawaida. Mashine hazikuhitajika, walihitaji watu wa kupita kitanda kwa kitanda wasimruke hata mmoja. Hicho ni kitu unachoweza. Usibadili matibabu ya mtu. Andika yanayotokea tayari: serumu kiasi gani saa ngapi, antibiotiki saa ngapi, adrenalini ndiyo au hapana, siku ya 7 yuko hai au la. Kamati utaiendea hata hivyo, maana ni siri za watu, ila njia yake ni fupi zaidi.

---

Mzee wa Halotani (Lubumbashi):

Mada yako umeshaiandika hapo juu bila kujua: muda kutoka kuingia hadi antibiotiki ya kwanza. Hiyo ndugu wa simu iliyonyang’anywa anaijua kuliko JAMA.

---

Nesi wa Zamu (Lubumbashi):

Nimesoma mara mbili. Shufwa na witiri nimefuta. Kusema kweli nilikuwa nataka kujua kama niliua watu, na nilitaka kalenda inijibu.

Jana nilifungua madaftari yangu matatu, yale makubwa ya jalada jeusi. Kila ukurasa: jina, umri, operesheni, ketamini kiasi gani, ganzi ya mgongo kiasi gani, presha kila dakika tano, “ametoka vizuri.” Ametoka vizuri, ametoka vizuri, ametoka vizuri. Ametoka wapi? Mlangoni pangu! Sina hata mstari mmoja unaosema kilichotokea kesho yake. Miaka kumi na moja nimekuwa naandika watu hadi mlangoni tu.

Basi nimechora safu mpya kwa rula ya mtoto wangu. Saa ya kufika. Saa ya antibiotiki. Serumu, kila nusu lita na saa yake, na mbele yake pumzi na mkojo. Adrenalini. Siku ya 7.

---

Kutoka Beni (sasa Goma):

Na yule mgonjwa, yaya? Watu wote tumemjadili, hakuna aliyeuliza. Yuko hai?

---

Nesi wa Zamu (Lubumbashi):

Yuko hai. Nilikwenda wodini leo kumtafuta kwa ajili ya hiyo safu ya mwisho, na ndiyo nimerudi na tatizo jingine.

Fishi yake (karatasi ya mgonjwa) haikuwa wodini, iko kwenye dirisha la malipo. Kidonda kimefunga, anatembea, anakula, daktari alimruhusu siku ya kumi na mbili. Leo ni siku ya ishirini na nne. Deni halijaisha, kwa hiyo hatoki. Nilimkuta uani amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamsaidia mke wa mgonjwa mwingine kuchambua sombe (majani ya muhogo). Akaniuliza mimi ni nani. Hakunikumbuka hata kidogo.

Sasa kwenye karatasi yule kijana alinipa, na nyingine mbili nilizopata, kuna kipimo “siku za kulazwa.” Kwake niandike 12 au 24? Nikiandika 24, mtu akisoma huko mbali atasema wagonjwa wa Katuba wanachelewa kupona.

---

Dokta wa Kadutu (Bukavu):

Andika tarehe mbili, dada. Siku aliyoruhusiwa na daktari, na siku aliyotoka getini. Safu mbili tofauti. Hapa Bukavu na sisi tutaiba wazo hilo.

---

Mzee wa Halotani (Lubumbashi):

Na safu ya tatu: deni kiasi gani. Rula unayo tayari.